Tarakilishi ya Bei Nafuu kwa Kazi ya Utafiti: Tulivyoichagua Yetu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Funzi

Makala hii nimeombwa na mwalimu mlezi wa chama niiandike, manake mimi ndiye niliyefuatana naye siku tulipokwenda Mombasa kununua tarakilishi ya Chama cha Kiswahili. Tangu siku ile kila mtu aniuliza swali lile lile: "Kwa nini mlinunua kuukuu na pesa mlikuwa nazo?" Wako hata wanaosema tumetapeliwa. Basi leo nitaeleza moja moja, na yule ambaye ana kaka au dada aliye chuoni, au mwenyewe anafikiria kununua yake, huenda akapata la kumfaa.

Kuhusu jina tusigombane. Wengine mwasema kompyuta, na mwalimu alitwambia kwamba enzi zao shuleni kuna walioiita ngamizi. Mimi nitasema tarakilishi kwa sababu hii ni makala ya Chama cha Kiswahili na sitaki kukatwa alama.

Yataka nianze na habari ya Babu Mdogo, nduguye babu yangu mzaa baba. Alikuwa fundi wa kusuka malema na kuunda mashua, na pale Funzi hakuna kijana aliyejua majina ya viungo vya chombo kama yeye. Nilipokuwa Kidato cha Pili chama chetu kilianza utafiti wa maneno ya bahari, nami nikapewa kazi ya kumrekodi. Nilimwendea siku tatu za likizo. Nikimwamkia "Shikamoo Babu", naye "Marahaba mjukuu wangu, waja na kile kidude chako tena? Chasikia leo?" Nilirekodi kwa simu ya mama. Alinitajia mkuku, mataruma, foromali, demani, na mengine mengi ambayo hata kwenye kamusi ya shule sikuyaona. Alinieleza jinsi lema linavyotegwa maji ya bamvu na jinsi linavyotegwa maji mafu, na kwa nini mdomo wake haugeuzwi ovyo. Saa nne na zaidi za maneno.

Simu ilijaa, nikahamishia kila kitu kwenye flashi, na kutoka kwenye flashi hadi tarakilishi moja ya zamani tuliyokuwa tumeazimwa. Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Kesho yake diski ya ndani ilikuwa ikilia tik, tik, tik kama saa ya ukutani na haifungui kitu. Nikajipa moyo kwamba flashi ipo. Kumbe binamu yangu alikuwa ameichukua na kuifuta yote ili atie nyimbo za harusi. Sikumgombeza sana, yeye alijua ni flashi tu. Nikasema si neno, nitamrekodi Babu tena likizo ijayo. Babu Mdogo akafariki kabla ya Ramadhani. Kilichobaki kwangu ni dakika kumi na moja zilizosahaulika kwenye simu, na nyingi katika hizo ni kikohozi na mlio wa kuku.

Ndiyo sababu chama kilipokusanya shilingi 35,000, kwa kuuza kaimati na mabuyu siku ya wazazi, kwa michango ya walimu na ya wazazi wenyewe, mimi sikutaka kusikia habari ya tarakilishi inayong'aa. Nilitaka ile ambayo haitapoteza.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Mtu akitaka kuchagua tarakilishi ya utafiti, asianzie dukani, aanzie kwenye utafiti wake. Ajiulize: kazi yangu yazaa kitu gani, na kitu hicho kina ukubwa gani? Chukueni mfano wa jirani zetu wa Gazi, ambako mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka wa 2013 kuhifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa. Mtu anayepima miti ya mkoko, mchu na mkandaa huandika unene wa shina na urefu wa mti katika jedwali. Hata akipima miti 10,000, jedwali lake ni dogo kuliko picha moja ya simu. Huyo tarakilishi yoyote yamtosha. Lakini anayetazama mikoko ile ile kwa picha za setelaiti, picha moja pekee yaweza kuwa mamia ya megabaiti, naye anahitaji mashine yenye nguvu. Ni mikoko ile ile, lakini mashine mbili tofauti kabisa.

Sisi kazi yetu yazaa sauti. Sauti tulipiga hesabu yake, na hesabu hiyo ilitusaidia kuliko ushauri wa muuza duka yeyote. Sauti ya kurekodi vizuri bila kubanwa hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huchukua baiti 2. Zidisha, upate baiti 88,200 kwa sekunde. Zidisha tena kwa sekunde 3,600, utaona saa moja ya mzee anayezungumza ni kama megabaiti 318, ikiwa ni maikrofoni moja. Tulipanga kurekodi saa 40. Hiyo ni gigabaiti 13 hivi. Basi! Watu walikuwa wakitwambia tununue diski ya terabaiti mbili ndani ya mashine, na kumbe kazi yetu yote yaingia kwenye pembe moja ya diski ndogo.

Mwenzangu mmoja wa Kidato cha Nne akauliza kwa nini tusirekodi kwa MP3, ambayo saa moja huwa megabaiti 58 tu au pungufu. Swali zuri. Jibu ni kwamba MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio la kawaida halizisikii sana, na zikishatupwa hazirudi. Kwa nyimbo haina neno. Lakini sisi twataka kusikia kama mzee amesema "chi" au "ki", kwa sababu Chichifundi, lugha ya wazee wetu wa Funzi na Bodo, husema chi mahali ambapo Kiswahili sanifu husema ki, na tofauti nyingine ni ndogo kuliko hiyo. H. E. Lambert aliandika juu ya Chichifundi kitabu kilichotoka mwaka wa 1958. Hakututilia sauti ndani ya kitabu chake, na leo twaisoma herufi tukibahatisha ilivyotamkwa. Hatutaki kumfanyia hivyo atakayekuja kusoma kazi yetu. Iko njia ya kati iitwayo FLAC, ambayo hubana sauti hadi karibu nusu bila kutupa kitu. Hiyo twaitumia kwa nakala za akiba.

Baada ya hesabu hiyo ndipo tulipoanza kupima vipande. Msomaji ambaye hajafungua tarakilishi, ifikirie kama jiko la harusi. Prosesa ndiyo mpishi. Ramu ndiyo meza ya kukatia vitunguu: ikiwa ndogo, mpishi hodari atasimama akingoja nafasi. Diski ndiyo stoo. Madabodi ndiyo sakafu ambayo wote wamesimama juu yake. Na kisanduku cha umeme ndicho kuni. Makosa ya watu wengi ni kumwaga pesa zote kwa mpishi, halafu meza ikawa kigoda na stoo ikavuja.

Dukani kwanza tulionyeshwa kipakatalishi kipya, chepesi, rangi ya fedha, shilingi 28,000. Wallahi kilikuwa kizuri. Mwalimu mwenyewe alikishika mara mbili. Lakini ramu yake ilikuwa gigabaiti 4 tena imechomelewa kwenye madabodi, huwezi kuongeza. Stoo yake ilikuwa gigabaiti 64 za aina ya bei rahisi, nayo pia imechomelewa. Ikifa, kila kitu kimekufa nayo, wala huwezi kuing'oa ukaipeleka kwenye mashine nyingine. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Yule wa Kidato cha Nne alikuwa ametetea kipakatalishi hata hivyo, tena kilichotumika, kwa hoja kwamba kina betri yake na umeme ukikatika hakizimiki. Nakubali kwamba hapo alisema kweli, na kwa mtu wa chuo anayehama bweni kila mwaka ningemshauri vivyo hivyo. Kula umeme pia hukula kidogo zaidi, na kwetu kisiwani, ambako nyumbani mwetu twategemea sola, hilo ni jambo kubwa. Lakini tarakilishi ya chama inakaa shuleni, mahali pamoja, na itaguswa na mikono arobaini. Kibodi ya kipakatalishi ikimwagikiwa na chai, gharama yake si ya kuchekwa. Kibodi ya tarakilishi ya mezani unachomoa, unaweka nyingine.

Kwa hiyo tukachagua ya mezani iliyotumika ofisini, zile ambazo makampuni ya ng'ambo huzitoa baada ya miaka kadhaa na kuja kuuzwa huku. Watu huzidharau. Mimi nazipenda kwa sababu zimeundwa zifunguliwe: wavuta kishikio, kasha linafunguka, diski inatoka bila hata bisibisi. Tabia hii ya kubadilisha vipande ilienea tangu IBM ilipotoa tarakilishi yake mwaka wa 1981 ikiwa na sehemu ambazo wengine waliweza kuzitengeneza pia. Ndiyo maana leo fundi wa Ukunda aweza kutia kipande kilichotoka Taiwan ndani ya kasha lililotoka Ulaya vikaelewana.

Prosesa tuliyochukua ni Intel Core i5 ya kizazi cha sita, aina iliyotoka mwaka wa 2015. Ina viini vinne. Kwa kusikiliza sauti, kuandika, na kupanga majedwali, yatosha na kusaza. Kizazi cha nne kilikuwa rahisi zaidi, ila mashine zake hutumia ramu ya DDR3, na nyingi za kizazi cha sita hutumia DDR4, ambayo ni rahisi zaidi kuipata utakapotaka kuongeza. Hizo mbili haziingiliani, mkato wake hauko mahali pamoja, kwa hiyo ukinunua ramu chukua ile ya zamani mkononi uende nayo. Mwishoni mwa mwaka wa 2025 bei za ramu zilipanda duniani, kwa sababu makampuni ya akili bandia yalikuwa yakizinunua kwa wingi. Hiyo ni sababu nyingine ya kununua mashine kuukuu ambayo ramu yake tayari imo ndani. Yetu ina gigabaiti 8, vipande viwili vya nne nne. Vipande viwili huenda mbio kidogo kuliko kimoja cha nane, kama njia mbili za kuingilia sokoni.

Kadi ya picha hatukununua. Wavulana wa kidato changu walinuna, najua walitaka michezo. Kazi ya sauti na maandishi haiihitaji hata kidogo.

Jambo ambalo karibu litukwamishe ni programu kuu ya kuendeshea mashine. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya bure ya usalama kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali prosesa za kizazi cha sita. Kwa sababu hiyo wauzaji waziuza mashine hizi kwa bei ya chini, na mnunuzi asiyejua huogopa. Sisi tulitia Linux Mint, ambayo ni ya bure na haina kinyongo na umri wa mashine. Juu yake tukatia LibreOffice ya kuandikia, Audacity ya kukata sauti, na ELAN, programu iliyotengenezwa katika taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, Uholanzi, kwa ajili ya kuandika maneno chini ya sauti, sekunde kwa sekunde. Zote ni bure. Mtaalamu wa chuo kikuu anayechunguza lugha hutumia ELAN ile ile tunayoitumia sisi hapa, na jambo hili lilinifurahisha sana.

Sasa diski, ambayo ndiyo roho ya makala hii. Ile diski ya zamani iliyonizikia sauti ya Babu ilikuwa na sahani zinazozunguka ndani na kijisindano kinachosoma. Ikitikiswa inafanya kazi, au umeme ukiyumba yumba, sindano yaweza kugusa sahani. Tukanunua SSD mpya ya gigabaiti 256. Hii haina kinachozunguka, ni chipu tupu, na tarakilishi huwaka haraka hata mashine kuukuu waiona kama mpya. Kwenye kipande hiki hatukukubali kilichotumika. Kila kitu kingine chaweza kuwa na historia, lakini mahali pa kuwekea sauti za wazee hapana. Hata hivyo msidanganyike: SSD nayo hufa, na ikifa mara nyingi hailii tik tik, huzima kimya kimya kama mgeni aliyeondoka alfajiri bila kuaga.

Kwa hiyo kitu kimoja hakitoshi. Watafiti wana kanuni ya nakala tatu: tatu kwa jumla, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyingine. Yetu ya kwanza iko kwenye SSD shuleni. Ya pili iko kwenye diski ya nje ya terabaiti 1, ambayo kila Ijumaa mwalimu huichomeka, hunakili, na kwenda nayo nyumbani kwake, ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Ya tatu ni ile ya FLAC, kwenye hifadhi ya intaneti ya Google ambayo hutoa gigabaiti 15 bure. Saa 40 zikibanwa kwa FLAC huwa gigabaiti 6 au 7, zaingia. Kupandisha huko ni kazi ya polepole na bando hula pesa, kwa hiyo twapandisha kidogo kidogo, kila mzee kivyake.

Jihadharini pia na flashi na diski za nje za bei ya kutupa. Ziko bandia zinazojitangaza terabaiti 1 na kumbe ndani mna gigabaiti 16. Ubaya wake ni kwamba hazikatai. Waandika, nazo zaonyesha jina la faili, na ndani hamna kitu. Kuna programu za bure za kuzipima, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux, ambazo hujaza chombo chote kisha hukisoma kuona kama kilichowekwa kimo. Yetu tuliipima usiku kucha kabla ya kuiamini. Mlinzi wa shule alidhani tumesahau kuzima taa.

Umeme nao una mambo yake. Kenya hutumia volti 240. Baadhi ya visanduku vya umeme vya zamani vina swichi ndogo nyekundu nyuma, upande mmoja 115 na mwingine 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115 nawe ukachomeka ukutani, utasikia mlio na kunusa moshi, na hapo maneno yamekwisha. Tazameni kabla ya kuchomeka. Pia tulinunua UPS, ile betri ya akiba inayokaa kati ya ukuta na mashine. Si ya kufanyia kazi saa nzima. Yatupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa adabu. Shilingi 6,000 ziliwauma wanachama, wakasema tungeongezea tukapata skrini kubwa. Niliwaambia tik, tik, tik. Wakanyamaza.

Kuna kipande kimoja kidogo ambacho hakuna aliyenitajia, na nimekuja kukigundua mwenyewe. Ndani ya kila madabodi mna betri bapa kama sarafu, CR2032, inayoshikilia saa na tarehe mashine ikiwa imechomolewa. Kwenye mashine kuukuu mara nyingi imeisha. Mtu wa kawaida haoni hasara, lakini mtafiti ataona: sauti uliyonakili leo yaweza kuandikwa imehifadhiwa miaka kumi na zaidi iliyopita, kabla hujaanza shule. Yetu tulibadilisha siku ile ile. Kisha jina la kila faili twaandika tarehe wenyewe, mwaka kwanza, mwezi, siku, mahali na namba ya msimulizi. Jina la mtu hatuliandiki hapo, lipo kwenye daftari.

Mkienda dukani msione haya kukagua. Sisi tulikwenda na flashi iliyotiwa Linux Mint, tukaomba tuiwashe mashine kwa hiyo. Muuzaji wa kwanza alikataa, tukamshukuru tukatoka. Wa pili akasema, "Karibuni walimu, angalieni mpaka mchoke." Hapo tuliona ramu ni nane kweli, na tukaona ile diski ya zamani iliyokuwa ndani imefanya kazi zaidi ya saa 40,000, yaani zaidi ya miaka minne na nusu mfululizo. Tukamwambia aitoe na atupunguzie, akapunguza. Tulifungua kasha, tukatazama zile pipa ndogo ndogo za madabodi kama kuna iliyovimba kichwa, maana ikivimba inakaribia kupasuka. Tukanusa. Ndiyo, tulinusa. Harufu ya kuungua haifutiki kwa kitambaa.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Mashine bila diski 12,500, na kibodi na kipanya tukapewa. Skrini ya inchi 19 iliyotumika 3,500. SSD 4,000. UPS 6,000. Diski ya nje 6,500. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kanzu pamoja na kadi ya kumbukumbu ya simu 1,500. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi pamoja na mkokoteni wa kubebea mizigo 800, kwa sababu feri ya Likoni watembeao kwa miguu hawalipi. Jumla 34,800. Mia mbili zilizobaki tulinunua viazi karai tukila tukingoja matatu ya Ukunda, na mweka hazina ameandika hivyo hivyo kitabuni. Anayetaka kuuliza aulize.

Sasa imebaki adui wetu sisi watu wa pwani, chumvi. Hewa ya bahari hubeba chumvi, chumvi hunyonya unyevu, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme na kuila shaba mpaka ikawa kijani. Mashine iliyoishi miaka saba Nairobi bila tatizo yaweza kuugua huku mwaka mmoja. Ikikataa kuwaka na kulia piip piip, usikimbilie fundi. Zima, chomoa waya, fungua, ng'oa ramu, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha. Mara mbili sasa imewaka kwa dawa hiyo. Vumbi twalitoa kwa brashi ya rangi iliyo kavu, kila mwisho wa mwezi. Na usiku yafunikwa leso, baada ya kupoa, si kabla. Leso yenyewe alitoa mama yangu.

Hadi naandika tuna saa 14 za sauti kutoka kwa wazee watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Mama mmoja wa Bodo ametupa majina ya pweza kwa umri wake, na ametusahihisha kwamba samaki tunayemwita tafi, wenzetu wa Unguja humwita tasi, kwa hiyo tuandike yote mawili. Zile dakika kumi na moja za Babu Mdogo nimezitia pia, namba 001. Nimezisikiliza kwa ELAN polepole, na ndani ya kikohozi nimepata neno moja la sehemu ya lema ambalo sijalisikia kwa mzee mwingine hata mmoja. Sina hakika kama nimelisikia sawasawa. Yuko mzee mmoja wa Shirazi, alisuka malema pamoja naye ujanani. Jumamosi baada ya bamvu kupita twaenda kumsikizisha.